Kima cha Chini na Shamba la Nyumbani: Historia ya Ujira kama Ionekanavyo Kutoka Maposeni

Swali la kwamba kima cha chini cha mshahara chamtosha mtu kuishi au hakimtoshi aghalabu huulizwa mjini, na hujibiwa kwa hesabu za mjini: kodi ya chumba, nauli, mkaa, unga, ada za shule. Walakini ujira katika Tanganyika haukuanza kupimwa mjini, wala haukupimwa kwa mahitaji ya mtu wa mjini. Ulipimwa katika mashamba makubwa ya mkonge, na sehemu moja ya kipimo chenyewe ilikuwa mbali sana na mashamba hayo, katika nchi ambazo wafanya kazi walitoka. Songea ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na labda ndiyo iliyo bora kuliko nyingine kwa mtu atakaye kuelewa jinsi mambo yalivyokuwa. Kwa sababu hiyo makala haya yalitazama jambo hili kutoka kijiji cha Maposeni, kilicho jirani na misheni ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea kwa upande wa njia iendayo Mbinga. Maposeni si mahali palipotungwa sheria yo yote ya mishahara. Ni mahali pa mfano wa zile nyumba ambazo sheria za mishahara zilizitegemea bila kuzitaja.

Yafaa kuanza kwa maneno, maana maneno ya kazi katika Kiswahili yamehifadhi habari ambazo daftari za ofisi hazikuziandika. Neno mshahara limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile la mwezi. Maana yake ya asili ni malipo ya mwezi hata mwezi. Ujira nalo ni la Kiarabu, na lina maana pana zaidi, yaani malipo ya kazi yo yote kwa muda wo wote. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kuwa amefanya kazi ya siku, kisha jina la karatasi likamshika mtu mwenyewe, hata leo husemwa kibarua amekuja bila ya msikiaji kufikiri habari za karatasi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa manamba. Mtu aliyeandikishwa na kusafirishwa kwenda shambani alipewa namba, na wingi wa watu wenye namba ukawa manamba. Lugha imefanya jambo la kustaajabisha hapa. Katika maneno mawili, mtu ameitwa kwa jina la karatasi aliyoishika na kwa jina la tarakimu aliyopewa, na hakuna hata moja kati ya hayo limtajalo kwa kazi aifanyayo, kama aitwavyo mkulima, mvuvi au mhunzi.

Neno lililo zito kuliko yote ni kipande. Katika Kenya kipande kilikuwa hati ya kujiandikisha ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuichukua, na chuki iliyoshikamana na neno hilo huko yajulikana sana. Katika Tanganyika kipande kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Malipo yalitolewa nafasi zote 30 zilipojaa, na mfanya kazi alipewa siku 42 za kuzijaza. Basi mwezi wa kipande haukuwa sawa na mwezi uandamao. Mtu aliyeumwa, au aliyepimiwa kazi asiyoweza kuimaliza kwa siku moja, aliweza kufika siku ya 42 ndipo apate malipo ya mwezi mmoja. Na aliyekwenda hivyo mwaka mzima hakupata malipo 12, bali yasiyofika 9. Desturi ya kuyaita malipo hayo mshahara ilikwenda kinyume cha shina la neno lenyewe. Yeyote asomaye takwimu za mishahara ya mkonge za zamani zile hana budi kukumbuka jambo hili, maana kiasi kilichoandikwa kuwa ni cha mwezi mara nyingi kilikuwa cha kipande.

Juu ya fedha palikuwa na posho. Posho ilikuwa chakula cha kupimiwa, hasa unga wa mahindi, na huko Uganda neno hilo lingali jina la ugali wenyewe. Katika Tanzania limepanda cheo kwa namna ambayo manamba wa kale wasingeisadiki, kwa kuwa leo husikiwa zaidi kwa habari za posho za vikao na za safari. Lakini katika mashamba ya mkonge posho ilikuwa kielelezo cha fikira ya mwajiri juu ya mfanya kazi: kinywa kimoja. Palikuwa na mashamba yaliyoruhusu wake na watoto na kuwapa nafasi ya kulima, na kadiri miaka ilivyokwenda hao waliongezeka. Lakini mtu aliyehesabiwa tangu mwanzo katika mpango wa kuajiri watu kutoka mbali alikuwa mwanamume peke yake, aliyeacha nyumbani mke, watoto na wazee.

Nyumbani huko ndiko Maposeni. Nchi ya Wangoni iliingia katika karne ya 20 kwa msiba. Kodi ya nyumba ya serikali ya Wadachi, iliyoanza kutozwa mwaka 1898 kwa kadiri ya rupia 3, ilikuwa imekwisha kuwalazimisha watu kutafuta fedha. Mwaka huo huo wa 1898 Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika, na misheni ikachomwa; mwaka 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa katika Songea, na majeshi ya Wadachi yakaharibu chakula na mashamba kusudi njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Nchi iliyotoka katika hali hiyo, yenye kudaiwa kodi kwa fedha, isiyo na reli wala bandari ya karibu, haikuwa na bidhaa kubwa ya kuuza ila nguvu za vijana wake. Mkonge, ulioletwa nchini na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa ukienea kwa kasi katika Tanga na kandokando ya reli, na ulihitaji watu. Umbali wa Songea na Tanga wapita kilomita 1,000. Watu waliuenda kwa miguu, kwa majuma mengi, kabla ya malori.

Tumbaku ya kukaushwa kwa moshi ilianza kuwapa watu wa Songea njia nyingine ya kupata fedha, na mwaka 1936 Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichofahamika kwa jina la NGOMAT, kiliandikishwa. Tumbaku kwa Wangoni na kahawa kwa Wamatengo iliwabakisha wengi nyumbani. Lakini si wote waliokaa mahali palipofaa tumbaku, na bei haikuwa thabiti. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi yake ya kuandika watu, SILABU, ambayo ilikuwa na mawakala, malori na kambi za njiani, na Songea ilikuwa moja ya nchi zake za kuvunia watu. Habari za wakati huo zimeandikwa vizuri na P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu uhamaji wa wafanya kazi miongoni mwa Wangoni na Wandendeule. Wako walioeleza kwamba vijana walikwenda pwani kwa kupenda makuu, au kwa kutaka kuona dunia, au kwamba safari hiyo ilikuwa jando mpya baada ya vita kukoma. Gulliver alionyesha kuwa sababu iliyo kubwa ilikuwa ya uchumi: mtu alikwenda kwa kuwa fedha alizohitaji kwa kodi, nguo na mahari hazikupatikana nyumbani kwake, na kama zingalipatikana asingalikwenda.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, maana ndipo palipo na kiini cha jambo zima. Mwajiri wa mkonge alimlipa mwanamume gharama ya siku zake za kazi. Hakulipa gharama ya utoto wake, ambao ulilishwa na mihogo na mahindi ya Ungoni. Hakulipa gharama ya mke na watoto katika miezi ya kipande. Hakulipa gharama ya ugonjwa wa kudumu wala ya uzee, kwa sababu aliyeshindwa na kazi alirudishwa kwao. Yote hayo yalilipwa na shamba la nyumbani, yaani, kwa kusema wazi, na wanawake waliobaki kulima. Waajiri na baadhi ya wakuu wa serikali walitetea mshahara mdogo kwa hoja kwamba Mwafrika ana shamba kwao. Fedha kwake ni nyongeza tu. Hoja hiyo haikuwa ya uongo kwa maana ya kwamba shamba lilikuwako. Kosa lake lilikuwa kuligeuza shamba la mke wa mtu kuwa ruzuku ya mwenye mkonge, kisha kuita ruzuku hiyo uvivu au hali ya asili ya wenyeji. Na kadiri wanaume walivyoondoka wengi zaidi, ndivyo shamba lile lilivyopungukiwa na mikono ya kufyeka na kutifua, hata likazidi kushindwa kutoa ziada ya kuuza, na uhaba huo ukampeleka mwanamume mwingine Tanga.

Kwingineko duniani hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa kwa namna nyingine. Katika mji wa York, Uingereza, mwaka 1899, Seebohm Rowntree alipima bei ya chakula, nguo, nyumba na moto kwa mume, mke na watoto watatu, akapata shilingi 21 na peni 8 kwa juma kuwa mpaka ambao chini yake jamaa haiwezi kuutunza mwili. Papa Leo wa 13 alikwisha kuandika mwaka 1891 kwamba ujira haufai kupungukiwa na mahitaji ya mfanya kazi mwenye kiasi, na mwaka 1931 Papa Pius wa 11 aliongeza kwa dhahiri kuwa wapaswa kumtosha yeye na jamaa yake. Mafundisho hayo yalijulikana Peramiho kama yalivyojulikana Roma. Mwaka 1928 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa kuweka utaratibu wa kima cha chini. Lakini katika Afrika ya Mashariki hesabu ilibaki kuwa ya mseja. Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya ililitamka jambo hili bila kuficha mwaka 1954: mshahara uliokuwako ulikuwa wa mtu asiye na mke, na ule wa kumtosha mtu na jamaa yake ungekuwa mara mbili na nusu ya huo. Katika Tanganyika kima cha chini cha kwanza cha kisheria kilichowekwa na kutumika kilikuja mwaka 1957, nacho kilikuwa cha Dar es Salaam tu, miezi michache baada ya migomo ya Desemba 1956. Ungoni haikuguswa.

Neno lililochaguliwa kuwa jina la jambo hili, kima, lastahili kutazamwa kidogo. Nalo ni la Kiarabu, na maana yake ni thamani au bei ya kitu. Kuna kima cha nyumba na kima cha ng'ombe. Neno kadiri lingalikuwapo, na neno riziki pia. Kwa kuchagua kima, lugha ya sheria, pengine bila kukusudia, iliuweka mshahara katika jamii moja na vitu vyenye bei, ikauacha nje ya jamii ya vitu vyenye haja. Kima cha chini ni bei ambayo chini yake kazi haiuzwi. Hakisemi lo lote juu ya tumbo la muuzaji. Watu wa kawaida walilijaza pengo hilo wenyewe kwa kuunda msemo usiopatikana katika sheria yo yote: mshahara wa kijungujiko, yaani wa chungu kidogo cha jikoni, utoshao kula na usiobakiza kitu. Mtu asemaye hivyo amekwisha kufanya hesabu ya Rowntree kwa neno moja.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa haraka. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea, alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika tangu mwaka 1955, na katika Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka huo huo bodi ya mishahara ya nchi nzima, chini ya uenyekiti wa Mwingereza Donald Chesworth, ilitoa taarifa yake, na kuanzia Januari 1963 nchi nzima ikawa na kima cha chini. Katika Dar es Salaam kiliwekwa shilingi 150 kwa mwezi; mahali pengine kilipungua kufuata ukanda. Hii ilikuwa hatua kubwa, na wapo wanaoiona kuwa ndiyo tofauti iliyoonekana upesi kuliko zote kati ya ukoloni na Uhuru kwa mtu wa mshahara. Lakini mgawanyo wa kanda uliendeleza fikira ile ile ya zamani kwa adabu zaidi: mtu wa shamba apewe pungufu, kwa kuwa ana pa kulima.

Matokeo yake katika mkonge yalikuwa magumu. Wenye mashamba waliopaswa kulipa zaidi walipunguza watu, na bei ya mkonge ilipoanguka baada ya mwaka 1964 wakapunguza zaidi. Uandikaji wa watu kutoka nchi za mbali, kazi iliyokuwa ya SILABU, ulikoma katika miaka hiyo ya 1960. Basi kima cha chini, kilichokuja kumwinua manamba, kilimwondoa pia. Wako wataalamu, na taarifa ya Profesa H. A. Turner ya mwaka 1967 ni mfano wao, walioona kuwa mishahara ilikwisha kupanda kupita kiasi kuliko pato la mkulima, na serikali ikakubali mwaka huo huo kuweka mpaka wa nyongeza usiozidi 5 kwa 100 kwa mwaka. Hoja ya Turner ina nguvu ikiwa mfanya kazi na mkulima ni watu wawili mbalimbali wenye kugombea fungu moja. Kwa Maposeni ina upungufu, maana huko mfanya kazi na mkulima walikuwa mume na mke.

Wilaya hiyo hiyo ya Songea ilitoa pia jibu la aina nyingine. Katika kijiji cha Litowa, vijana wa TANU chini ya Ntimbanjayo Millinga walianza tangu mwaka 1960 kulima pamoja, na kutokana na juhudi hiyo kikatokea Chama cha Maendeleo cha Ruvuma chenye vijiji kadhaa, shule yake, na viwanda vidogo. Kwao swali la ujira lilifutwa badala ya kujibiwa: hapakuwa na mwajiri, na mavuno yaligawanywa. Mwalimu Nyerere alivutwa sana na mfano huo alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967. Septemba 1969 chama kilipigwa marufuku kwa uamuzi wa TANU yenyewe. Hapa si mahali pa kuhukumu uamuzi ule, ingawa ni vigumu kuusoma bila masikitiko.

Katika miaka ya 1970 na 1980 jambo lisilotazamiwa lilitokea. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na kuitia mbolea ruzuku, na nyanda za kusini, ambazo kwa umbali wake zilikuwa za kusahauliwa, zikawa ghala la taifa; Ruvuma ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Barabara ya lami kutoka Makambako ilifika Songea katika miaka ya 1980. Kijana wa Ungoni hakuwa na haja ya kwenda Tanga. Wakati huo huo mshahara wa mjini ulikuwa ukianguka. Kima cha chini kilichokuwa shilingi 380 mwaka 1975 kilifanywa 480 mwaka 1980, kisha 600 mwaka 1981 na 810 mwaka 1984, lakini bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa takriban 30 kwa 100 kila mwaka, na mshahara ukabaki nyuma. Karani wa Dar es Salaam alilima mihogo pembezoni mwa mji, akafuga kuku, na mkewe akauza maandazi. Yaani mji mkubwa ulijifunza katika dhiki yale ambayo Maposeni iliyajua tangu zamani za Wadachi: kwamba mshahara husimama juu ya kitu kingine ambacho hakimo katika mshahara.

Ruzuku na bei moja ziliondolewa katika mageuzi ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Sheria za kazi zikaandikwa upya mwaka 2004, na tangu mwaka 2007 amri za mishahara katika sekta binafsi hupangwa kwa sekta za kazi badala ya kanda za nchi. Mtu aweza kudhani kuwa kwa hayo ile hoja ya shamba la nyumbani imezikwa. Haikuzikwa, imehama kutoka katika ramani ikaingia katika orodha ya kazi. Katika amri ya mwaka 2013 mfanya kazi wa benki alipewa kima cha shilingi 400,000 kwa mwezi, wa kilimo 100,000, na mtumishi wa nyumbani akaaye kwa mwajiri wake 40,000. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilimpa wa kilimo 140,000 na yule wa nyumbani 60,000. Kazi mbili zilizo karibu zaidi na shamba na jiko ndizo zilizowekwa chini, na si kwa bahati. Hizo ndizo kazi ambazo mwanamke wa Ungoni alizifanya bure wakati mumewe alipokuwa akijaza kipande, na kazi iliyofanywa bure kwa muda mrefu hupata taabu kuaminika kuwa ina kima.

Je, kiasi hicho kilitosha? Uchunguzi wa bajeti za kaya uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2017 na 2018 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa chakula peke yake kuwa 33,748. Kima cha kilimo wakati huo kilikuwa kingali 100,000. Mgawanyo wake ni rahisi: kiliwatosha watu wazima wawili kusimama juu ya mstari wenyewe, na baada yao zilibaki shilingi 1,360. Mtoto hakuwa na fungu. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 100 baada ya hesabu ya York, na zaidi ya 60 baada ya ile ya Carpenter, mshahara wa mtu wa shambani haukufika bado kuwa wa jamaa ya watu watano. Ule wa 140,000, ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, ulikuwa shilingi 5,384 kwa siku. Na kwa watu watano wenye kula pia siku zisizo za kazi, haukufikia 1,000 kwa kila mmoja. Katika miezi 6 ya mwisho ya mwaka 2025 mtumishi wa serikali wa daraja la chini kabisa alikuwa amekwisha kupandishiwa kima kutoka 370,000 kuwa 500,000, wakati wa shamba alikuwa bado katika 140,000, yaani mwenzake alimpita zaidi ya mara 3 na nusu. Amri mpya ya sekta binafsi, iliyotangazwa Oktoba 2025 na kuanza tarehe 1 Januari 2026, iliongeza viwango kwa wastani wa 33.4 kwa 100. Ni nyongeza kubwa kwa kadiri ya amri zilizotangulia. Lakini wastani wa sekta zote huchanganya benki na jembe katika kikapu kimoja, na haumwambii mtu wa jembe cho chote juu ya chungu chake.

Atakayejibu kwamba mtu wa Maposeni hanunui mahindi, kwa kuwa huyalima, atakuwa amesema kweli na kurudia hoja ya wenye mkonge katika pumzi moja. Aidha, atakuwa amelikosa badiliko lililo kubwa kuliko yote. Shamba la zamani lilidai jembe na mikono. Ardhi ya sasa katika nyanda hizi, iliyolimwa mahindi kwa miaka mingi, haizai vema bila mbolea ya dukani, na hata baada ya serikali kurudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022 na 2023, mfuko hununuliwa kwa fedha. Mbegu bora hununuliwa kwa fedha. Ndiyo sababu mwalimu, mwuguzi na fundi mwenye mshahara hutoa sehemu ya mshahara huo wakati wa kupanda ili kuitia ardhini. Zamani shamba lilikamilisha mshahara. Siku hizi mshahara nao hulikamilisha shamba, na kila mojawapo humtazama mwenzake kuwa ndiye mwenye akiba. Kima kilichopimwa kwa kudhani kuwa chakula kinatoka bure ardhini kimekosea mara mbili.

Limebaki kundi ambalo amri zote hizi hupita juu yake. Wakati wa kupalilia na wa kuvuna, kazi nyingi ya kulipwa katika vijiji vya Songea hufanywa na vibarua wa jirani kwa jirani, kwa kupimiwa kipande cha shamba, kwa maelewano ya mdomo, na malipo yake mara nyingine ni fedha, mara nyingine ni debe la mahindi. Neno kipande limerudi hapa katika maana yake ya asili, sehemu ya ardhi. Mwenye kulipa mara nyingi ni mkulima ambaye yeye mwenyewe hana fedha nyingi, na kumshitaki kwa amri ya mishahara kungekuwa mzaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: jina, kazi, mahali, saa na ujira. Kifungu hicho hicho chasema kwamba hakimhusu afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Huyo ndiye anayeitwa kibarua katika Maposeni, na barua hana.